Mlonge wa Jikoni na Mlonge wa Kopo

Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya kikundi cha watu wanaoishi na kisukari na presha, hapa Tanga. Ukumbi ulijaa, wengine wakabaki barazani, na kipaza sauti kilikuwa kinakoroma kuliko kinavyosema. Waliokaa nje wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na maswali.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniambia, "Dada, njoo utuzungumzie lishe." Nikamuuliza, lishe ipi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kusema kweli ni mlonge. Watu huku wanagombana." Basi nimekuja kwa ajili ya ugomvi huo. Mimi ni mfamasia. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka 26, na nyumbani kwangu mlonge ndio uzio. Kwa hiyo msinione nimetumwa na watu wa vidonge.

Nani ana mti wa mlonge nyumbani? Nyosheni mikono. Naona karibu nusu ya ukumbi. Shusheni. Sasa, nani ana kopo la unga wa mlonge? Mikono imepungua, lakini naona watu wanatazamana. Bibi pale nyuma anacheka. Analo kwenye mkoba, nina hakika.

Tuanze na mti wenyewe. Huu tunaouita mlonge, na ndugu zetu wa Mombasa na Kilifi wanauita mzunze, si mti wa kwetu kwa asili. Asili yake ni kaskazini-magharibi mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Umeletwa, ukapenda ardhi yetu, ukakaa. Ana ndugu yake ambaye ni wa Afrika hasa, mlonge wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, wenye majani makubwa zaidi. Kule Ethiopia watu wa Konso wanaula kama sisi tunavyokula mchicha, na wanaupanda katikati ya mashamba yao ya ngazi milimani. Ufilipino wanauita malunggay, wanautia kwenye supu ya kuku na kumpa mama aliyejifungua. Kwa hiyo hatuzungumzii kitu kigeni kilichozuka juzi. Watu wameula mti huu miaka na miaka, na hiyo peke yake ni habari njema: majani ya mlonge yakiwa mboga ni chakula salama kwa watu karibu wote.

Mbegu zake nazo zina maajabu yake. Kule Sudan, wanawake wa kando ya Nile walikuwa wakiponda mbegu za mlonge na kuzikoroga kwenye maji yenye tope. Ndani ya mbegu kuna protini inayoyashika yale matope na kuyashusha chini ya mtungi. Wanasayansi walikuja baadaye wakaeleza namna inavyofanya kazi. Maji yanatakata, ingawa vijidudu vingine vinabaki, hivyo bado ya kunywa uyachemshe. Nimelisema hili ili mjue kwamba sikuja kuutukana mti. Mti huu una kazi zake zilizothibitika.

Ugomvi wangu uko kwenye kopo.

Mmeyaona yale maandishi. Yako kwenye mabango ya stendi, yako kwenye magrupu ya WhatsApp, yako ubavuni mwa kopo. "Vitamini C mara 7 ya chungwa. Kalsiamu mara 17 ya maziwa. Madini chuma mara 25 ya spinachi. Huponya magonjwa 300." Mkisoma hayo, nani asingenunua? Mimi mwenyewe ningenunua mawili.

Sasa naomba tupige hesabu, taratibu, kama tunavyopiga hesabu ya VICOBA. Ipo orodha moja ya virutubisho vya mlonge ambayo karibu kila muuzaji duniani ameinakili. Orodha hiyo inasema gramu 100 za majani mabichi zina miligramu 220 za vitamini C. Chukua chungwa kwa hesabu za zamani, gramu 100 zake ukazihesabia miligramu 30. Gawanya: ni mara 7. Kwa hiyo aliyeandika "mara 7" hakudanganya. Lakini orodha hiyohiyo, mstari uleule, ukisogeza kidole kwenye safu ya pili iliyoandikwa majani makavu, inasema miligramu 17. Kutoka 220 hadi 17! Vitamini C haipendi kukaushwa. Inakwenda na jua, inakwenda na hewa, na kwenye godauni inaendelea kwenda.

Kwenye kopo kuna nini? Unga mkavu. Sifa iliyoandikwa nje ni ya majani mabichi yaliyobaki mtini.

Na tena, huli gramu 100. Unakula kijiko. Kijiko kikubwa cha unga wa mlonge ni kama gramu 8. Humo mna vitamini C miligramu moja na kitu. Chungwa moja la Muheza, tuseme lina miligramu 60. Ili ulifikie chungwa hilo utakula zaidi ya vijiko 40 vya unga, na mchana huo hakuna atakayekaa karibu nawe. Machungwa ya Muheza, jamani! Yanapita hapa kwa malori, sisi tunanunua kopo.

Kalsiamu je? Hapo unga una haki zaidi, kwa sababu madini hayapotei juani. Gramu 100 za unga zina kama miligramu 2,000, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Mara 17, sawa. Lakini maziwa karibu yote ni maji. Unalinganisha kitu kikavu na kitu cha maji kwa mizani moja. Hata mchicha wako ukiukausha ukausaga, utashangaa namna "utakavyozidi" maziwa. Tukirudi kwenye kijiko chetu, kina kama miligramu 160 za kalsiamu, na kikombe cha maziwa kina kama 300. Vijiko viwili kwa kikombe kimoja, hiyo ndiyo hesabu ya karatasi. Ya tumboni iko chini ya hapo, maana majani haya yana vitu vinavyoyashika madini yasifyonzwe yote.

Hayo ya magonjwa 300 yananukuliwa kutoka tiba za jadi za India, na wanaoyanukuu hawaitoi orodha. Nimewahi kumwomba muuzaji mmoja anitajie 20 tu. Alifika 11, akarudia kisukari mara mbili.

Tufike hapo kwenye kisukari, maana ndiko kulikotuleta.

Je, mlonge unashusha sukari? Swali ni zuri na watu wamelifanyia kazi. Kwa panya waliotiwa ugonjwa wa sukari maabara, majani yameshusha, na si mara moja. Kwa hiyo waliosema "tujaribu kwa watu" walikuwa na sababu. Thailand wakajaribu, matokeo yakatoka mwaka 2017. Walichukua watu 32 wenye kisukari ambao walikuwa hawajaanza dawa. Nusu wakapewa kapsuli za majani ya mlonge, gramu 8 kwa siku, ambazo ni nyingi. Nusu wakapewa kapsuli zinazofanana lakini hazina kitu. Wiki 4. Mwisho wa wiki 4, sukari ya kundi la mlonge haikuwa tofauti na ya lile kundi jingine. Hakuna aliyeumwa kwa sababu ya mlonge, na hakuna aliyepona kwa sababu yake.

Hispania nao wakafanya yao, ikachapishwa mwaka 2021. Hawa walichukua watu ambao sukari inawanyemelea, hawajaitwa wagonjwa bado. Kapsuli 6 kila siku, wiki 12. Huko sukari ya waliomeza mlonge ilishuka kidogo, na ya wenzao ikapanda kidogo. Nasisitiza neno kidogo. Watu waliomaliza walikuwa 65.

Ninaposoma hayo mawili pamoja, mimi mfamasia nasema hivi: huenda kuna kitu ndani ya jani hili, na kinastahili kuendelea kuchunguzwa. Ila kwa mtu ambaye kisukari kimeshamkalia, hakuna kipimo hata kimoja kilichoonyesha kwamba mlonge unaweza kukaa mahali pa metformin, kile kidonge cha kisukari. Atakayekwambia kinyume, mwambie akuonyeshe watu, si panya.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Mzee mmoja, fundi seremala, alikuwa akichukua dawa dirishani kwetu. Mtu wa utani mwingi. Alinitengenezea kigoda ninachokalia mpaka leo. Ghafla akapotea. Baada ya miezi 4 akaja akichechemea, kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, hakisikii maumivu. Nikamuuliza dawa anakunywa? Akasema, "Niliacha, dada. Niko kwenye mlonge." Tukapima. Mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma.

Yule mzee alikatwa mguu chini ya goti. Mlonge wenyewe haukumfanya kitu. Ile miezi minne ndiyo iliyomla mguu.

Lakini subirini, maana hadithi hii ina upande wa pili ambao sisi wa dirishani hatupendi kuusema. Nilipomtembelea wodini nilimuuliza kwa nini aliacha metformin. Akasema ilikuwa inamharisha. Kila asubuhi, kabla hajafika kazini. Ameshaaibika mara mbili kwenye daladala. Sasa, metformin kuvuruga tumbo ni jambo la kawaida kabisa, hasa mwanzoni. Ungemeza pamoja na chakula, ungeanza na dozi ndogo ukapanda polepole, na mara nyingi tumbo linazoea. Hayo yangesemwa kwa dakika moja. Mimi nilimwambia? Sikumbuki kama nilimwambia. Foleni ilikuwa ndefu, nilimpa pakiti, nikasema "moja asubuhi moja jioni", nikaita mwingine. Yule muuza kopo alimkalisha kwenye benchi akamsikiliza nusu saa nzima. Akamuuliza habari za tumbo, za usingizi, za mke. Kopo lilikuwa shilingi 15,000, na mzee alilipa kwa furaha, kwa sababu alikuwa amesikilizwa.

Kwa hiyo ninapowaambia msiache mbachao kwa msala upitao, najua pia kwamba mbachao mwingine tumeutandika vibaya sisi wenyewe.

Sasa usalama. Watu wanasema, "Ni majani tu, yatanidhuru nini?" Jani ni salama ndiyo, nimeshasema. Ila neno mlonge lina vitu vingi ndani yake: kuna jani, kuna mbegu, kuna gome, kuna mzizi. Mzizi na gome ni habari nyingine. Vina sumu inayogusa mishipa ya fahamu, na kwa muda mrefu vimetumiwa na watu wa India na kwingineko kutolea mimba. Mama mjamzito asiguse mzizi wala gome. Hata dondoo kali la majani limeharibu mimba za panya maabara, ndiyo maana nawaambia wajawazito: mboga kwenye sahani kwa kiasi cha kawaida, unga na kapsuli viacheni kwanza. Kopo lililoandikwa "unga wa mlonge" tu, bila kusema ni wa sehemu gani ya mti, limekuficha jambo la kwanza unalopaswa kulijua.

Wenye kutumia glibenclamide au insulini, nisikilizeni. Dawa hizo zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, na ukiongeza chochote kinachosemwa kinashusha sukari, halafu ukafunga Ramadhani au ukaruka mlo, unacheza kando ya kisima. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: hiyo ni sukari kushuka, kunywa kitu kitamu hapohapo, hata kama umefunga. Wenye dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarin, mboga za majani zote za kijani kibichi zina vitamini K inayopingana nayo. Msiache mboga, ila msizidishe ghafla wala kupunguza ghafla bila daktari kujua. Wenye figo zilizochoka waulize kwanza, kwa sababu ya potasiamu.

Kuna waliouliza, kwa kunong'ona, kuhusu dawa za kupunguza makali ya VVU. Hili lina majibu kiasi, na yametoka Afrika, Zimbabwe. Watafiti wa huko waliona kwenye chupa za maabara kwamba mlonge unazuia kimeng'enya cha ini kinachochakata dawa nyingi. Ingekuwa rahisi kupiga kelele hapo. Wao wakaenda mbele, wakawapima watu wenyewe waliokuwa wakitumia nevirapine, na mwaka 2017 wakaandika kwamba unga wa majani kwa kipimo cha kawaida haukubadilisha kiasi cha dawa kwenye damu kwa namna ya kutisha. Nawapenda watafiti wa namna hiyo. Ila nevirapine sasa imewapisha wengine. Leo wengi wanameza dawa yenye dolutegravir, na hiyo haipatani na vidonge vya kalsiamu wala vya chuma vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Mwenye vidonge hivyo amwambie mhudumu wake, atapangiwa saa. Na asiache dozi. Tuliokuwa watu wazima mwaka 2011 tunakumbuka foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wako waliorudi wakaweka ARV kabatini. Sitaki kufukua hayo zaidi.

Mara chache sana, jani lenyewe linaweza kumkataa mtu. Sri Lanka madaktari waliandika habari za mgonjwa aliyechubuka ngozi na midomo baada ya kula majani ya mlonge, ule ugonjwa wa Stevens-Johnson. Ni nadra, sisemi mwogope. Ukiona vipele na malengelenge mdomoni baada ya kuanza kitu chochote kipya, acha na uende hospitali siku hiyohiyo.

Yaliyobaki ni hatari za kopo, na hizi kwangu ni kubwa kuliko za mti. Unga unakaushwa wapi? Majani yakitandazwa chini, kuku wanapita, vumbi linapita. Mwaka 2025 Marekani walipata mlipuko wa Salmonella, wakafuatilia, wakafika kwenye unga wa majani ya mlonge uliotoka India. Unga huo hauchemshwi, watu wanautia kwenye juisi na kunywa. Mboga ya nyumbani inachemka, na vijidudu vinakufa jikoni. Halafu ni mti gani uliochumwa? Majani ya uzio ulio kando ya barabara kuu au karibu na gereji ya betri yanaweza kubeba madini ya risasi, nayo hayaonekani wala hayanuki.

Na kuna waovu kabisa. Mwaka 2008 Singapore, watu wasio na kisukari walianza kuletwa hospitali sukari imeshuka vibaya. Wakafika kama 150. Baadhi walizimia wasiamke, 4 wakafariki. Ilikujaonekana wengi walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kwa jina la mitishamba, na ndani yake mlikuwa na glibenclamide. Dawa ileile ya kisukari! Kwa hiyo mtu akikwambia, "Hii ya kwangu ni ya asili lakini inafanya kazi siku ya kwanza," mimi hapo ndipo ninapoogopa. Majani hayana haraka hiyo. Unga wa "asili" unaotuliza maumivu ya magoti kwa usiku mmoja, nao ninaushuku kwamba umetiwa steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe.

Mtaniuliza, serikali iko wapi? Mpaka mwaka 2019 tulikuwa na TFDA iliyoangalia chakula na dawa pamoja. Kisha mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango, na TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Wenye tiba asili wana Baraza lao, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Sasa mwangalie huyu mwenye kopo. Akiulizwa na watu wa dawa anasema, "Hiki ni chakula." Akikaa nawe kwenye benchi anasema, "Hii ni dawa." Hata Marekani ni hivyo hivyo, pengine ndiko walikofundishana. Sheria yao ya mwaka 1994 inamruhusu mtu kuuza virutubisho bila kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi, mradi asidai vinatibu. Ndiyo maana kapsuli zinazotoka huko zina sentensi moja kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Nimewafasiria: "Bidhaa hii haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote." Mwenye kiwanda amekwambia mwenyewe. Muuzaji ndiye ameibandika stika ya bei juu yake.

Mimi naula vipi? Mnisamehe, hapa nitajisifu. Nachuma majani machanga jioni, naosha mara mbili, nayachambua vijiti. Nachemsha kidogo, namwaga maji kama ni machungu sana, kisha kitunguu, nyanya, na tui la nazi. Msidhani nazi ni ya utamu peke yake. Vitamini A ya majani inahitaji mafuta ili mwili uipokee, na kuchemsha kunasaidia madini chuma yapatikane zaidi kuliko kula jani bichi. Bibi zetu hawakusoma hayo popote, walipika tu. Anayetaka unga kwa ajili ya kiangazi, akaushe kivulini, si juani, kwa sababu jua linaharibu vitamini A; akaushe juu ya chekeche au nyavu iliyoinuliwa, atwange, aweke kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na autie kwenye uji au mchuzi unaochemka. Hiyo ni lishe nzuri ya watoto. Kwa hilo simgombezi mtu.

Nilipofika hapo mwenyekiti akaruhusu maswali.

Bibi wa nyuma, yule aliyecheka, aliuliza kama mjukuu wake aliyejifungua anaweza kula mlonge maziwa yatoke. Nikamwambia, bibi, Ufilipino wamejaribu kwa akina mama, majaribio madogo madogo, na kadhaa yameonyesha maziwa yanaongezeka. Mpe mboga, mpe na supu, na muhimu zaidi mtoto anyonye mara nyingi, usiku na mchana, maana maziwa yanaitwa na mdomo wa mtoto. Akasema, "Hilo nalijua kabla hujazaliwa." Nikamwomba radhi.

Baba mmoja akauliza, akila mboga ya mlonge kila siku, anaweza kupunguziwa dawa? Nikamwambia, ukila mboga kila siku mahali pa sahani ya pili ya ugali, sukari yako inaweza kweli kushuka, na daktari akiona namba zako atapunguza mwenyewe. Utakuwa umesaidiwa na mboga, na pia na ule ugali ulioukosa. Wewe usipunguze kwa kukisia.

Wa tatu alikuwa kijana aliyesimama mlangoni na begi mgongoni. Akasema, "Mama, mimi nauza mlonge. Nimesikiliza yote. Sasa unataka nife njaa?" Ukumbi ukaguna. Nikawaambia wamwache, kauliza kwa adabu. Mwanangu, nikamwambia, sitaki ufe njaa. Andika kwenye kopo lako kwamba ni majani, andika umechuma wapi na lini, umekausha vipi, na kwamba unga utiwe kwenye uji au mchuzi unaochemka. Peleka TBS. Futa magonjwa 300. Na mteja akikwambia ana kisukari, maneno yako ya kwanza yawe, "Dawa zako unaendelea nazo?" Akaniuliza, "Nikifuta magonjwa 300 nani atanunua?" Nikamjibu ukweli: pengine watapungua. Sikuwa na jibu zuri kuliko hilo, na sina mpaka sasa.

Basi, saa imekwenda na jua limefika kwenye viti vya mbele. Meza ya kupima sukari na presha iko chini ya mwembe, hailipiwi, na manesi wawili wako tayari. Aliyekula asubuhi aseme amekula saa ngapi. Aliyekuja na kopo aje nalo pale mezani kwangu, tusome pamoja yale maandishi madogo. Nawe bibi, usilifiche mkobani. Miwani nimekuja nayo.